Mgeni mashuhuri akitua mjini, na wewe ni ripota wa wiki ya pili

Wadogo zangu mlioanza chumba cha habari mwezi huu, wakongwe watawaambia stori tamu hupatikana usiku, kazi ikiisha, bilauri zikiwa mezani. Si uongo. Lakini mimi niliwahi kukesha na mchekeshaji aliyekuja kutumbuiza mkoani kwetu, nikaamka na daftari lenye mstari mmoja tu, nao hausomeki. Mhariri alikuwa anasubiri nusu ukurasa.

Tangu hapo nimekipenda kisa cha Virginia City, Nevada. Mji ule ulizuka baada ya madini ya fedha ya Comstock kugunduliwa mwaka 1859. Gazeti lake, Territorial Enterprise, lilikuwa na maripota wawili watundu: Dan De Quille na Samuel Clemens, ambaye Februari 1863 alianza kujiita Mark Twain, jina ambalo baadaye lilikuja kuvuma duniani kwa uandishi. Desemba mwaka huohuo akaingia Artemus Ward, jina halisi Charles Farrar Browne, mchekeshaji aliyevuma Marekani nzima. Alikuja kutoa mhadhara, akanasa kwa waandishi mpaka Krismasi ikapita. Walikula, wakanywa, wakazurura usiku.

Mbona mtu mkubwa hivyo akeshe na maripota wa machimboni? Kwa sababu alikuwa mwenzao. Alianza kwa kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, akaandikia gazeti la Cleveland. Tena alikuwa na miaka 29, Twain 28! Kwa hiyo mgeni wa namna hiyo usimpambe kwa sifa, amezisikia za kutosha. Mwulize habari za kazi: kichekesho anakianzia wapi, anakata nini.

Na umwangalie vizuri. Twain alikuja kuandika kwamba walipokutana mara ya kwanza Ward alimtupia swali refu kuhusu machimbo, limejaa maneno ya kitaalamu, uso mkavu kama yuko msibani. Twain, kinywaji kikiwa kimeshampanda, akadhani akili zake ndizo zimeharibika. Kumbe swali lenyewe halikuwa na maana yoyote. Chumvi za Twain siwezi kuzipima, lakini ule uso mkavu, wa kusema upuuzi kana kwamba ni hati ya mahakama, baadaye ulimlisha yeye mwenyewe majukwaani miaka mingi.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka: asubuhi yake. Januari 1, 1864, akiwa Austin, huko huko Nevada, Ward alimwandikia Twain barua ya utani mtupu, na ndani yake akaahidi kumpigia debe kwa jamaa zake wa gazeti la Mercury, New York. Februari kazi ya Twain ikatoka humo. Baadaye Ward akamwomba kisa cha kutia kwenye kitabu chake. Twain alichelewesha (tarehe ya mwisho ilikuwa adui hata kwake), kisa cha chura wa kuruka kikakosa kitabu, kikachapwa na Saturday Press Novemba 1865. Magazeti yakakidaka nchi nzima.

Ward hakuishi kuona mengi zaidi. Kifua kikuu kilimwua Southampton, Uingereza, Machi 1867, akiwa na miaka 32.

Kwa hiyo kaeni mezani, ila agizeni soda kuanzia raundi ya pili, na kesho yake mwandikieni mgeni mistari michache kabla hajawasahau. Yule mchekeshaji wangu nilimwandikia baada ya wiki, nikamwuliza ule mstari ulikuwa unasemaje. Alijibu upesi kwamba naye alikuwa anataka kuniuliza hivyo hivyo.