Sauti haizimiki? Iache kapasita ilipo

SWALI: Nimeunda moduli ya sinthesaiza, ya envelopu ya ADSR (inayopanga sauti ipande, ishuke, idumu na kuzimika vipi), kwa chipu ya taima ya 7555 na kapasita ya mikrofaradi 10, umeme wa volti 12. Nikiachia kitufe, sauti inashuka lakini haizimiki kabisa, VCA (kikuza sauti kinachoongozwa na volti za envelopu) inaendelea kunong'ona. Nimeambiwa kapasita ni mbovu nikaweka ya 100. Mnong'ono upo palepale, na sasa ataki (sauti kupanda mwanzoni) imekuwa nzito. Ajabu ni kwamba nikigusa mguu wa kapasita kwa kidole, sauti inafifia polepole hadi inakwisha. Je, ninunue kapasita bora zaidi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na huyo mshauri wako nimekutana na wenzake mara nyingi mno. Kila ugonjwa wa envelopu wao dawa yao ni kapasita.

Kidole chako ndicho kilichosema ukweli. Ngozi ni rezista kubwa, nayo ilikuwa inamwaga chaji iliyobaki, kwa maana njia yako ya rilizi (ya kuzima sauti ukiachia kitufe) haiwezi kuimaliza. Fuata nyaya: kapasita, potenshometa (rezista ya kuzungusha) ya rilizi, daiodi, kisha geti, yaani volti zinazotoka kwenye kitufe. Daiodi ya silikoni kama 1N4148 haikuachii ufike sifuri. Volti zikishuka hadi kama 0.4, mkondo unaopita ni kiduchu mno, chaji inakwama hapo. Kilele chako ni volti 8, theluthi mbili za 12, kwa hiyo kinachobaki ni asilimia 5. Kwa VCA ya mstari, ambayo sauti yake hufuata volti sawia, hiyo inasikika waziwazi.

Sasa kapasita ya 100 imeongeza nini? Chaji ya kukwama, mara kumi. Na ataki: potenshometa yake ikiwa sifuri, ikabaki rezista ya kilo-ohm 1 tu njiani, kufika kileleni kulichukua milisekunde 11 hivi, sasa ni 110. Rudisha ile ya 10.

Tiba ya haraka ni kuishusha ofseti (volti hizo zilizobaki) baada ya bafa, ile saketi inayosoma volti za kapasita na kuzipeleka kwa VCA, kwa trimu (potenshometa ndogo ya kurekebishia), hadi VCA ifunge. Tiba ya kweli ni kuondoa daiodi kwenye rilizi na kuweka chipu ya swichi za kielektroniki ya CD4066. Ukiilisha volti 12, mguu wake wa kuongozwa nao unataka karibu hizo hizo. Geti ya volti 5 haitoshi, ipitishe kwanza kwenye transista. Bafa iwe chipu ya TL072 au ya namna hiyo, isiyonyonya chaji ya kapasita. Na upime kwenye tokeo la bafa, kwani maltimita ikiwekwa juu ya kapasita inafanya kazi ileile ya kidole chako: utaona volti zinateremka, udhani umepona.

Halafu kuna wanaosema ung'oe ile rezista ya kilo-ohm 1 ili ataki iwahi. Usithubutu. Potenshometa ya ataki ikiwa sifuri, kapasita tupu ni kama shoti, na kinachouzuia mkondo ni chipu peke yake. Nimeshaletewa moduli za namna hiyo, mwenyewe akilaumu taima ya bandia. Nilipomuuliza alipima wapi kabla ya kubadilisha chochote, hakuwa amepima popote.