Maswali ya wasomaji: Udhamini wa michezo na hesabu zake

Asalam alaikum. Mwanangu kamaliza kidato cha sita, anakimbia mita 400. Wakala tuliyempata kwa simu anasema chuo cha Marekani kitamsomesha bure. Anataka dola 800 sasa, na udhamini ukitoka tumpe asilimia kumi yake. Tulipe? (Mama, Wete)

Waalaikumu salamu, mama. Msilipe. Hiyo asilimia kumi peke yake inatosha kumharibia kijana. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vingi vya huko, zinakataza mchezaji kulipa ujira unaotegemea udhamini atakaoupata. Ikigundulika, anaweza kuzuiwa kucheza, na wakala ameshakula pesa zake.

Kisha muulizeni chuo kiko daraja gani, maana NCAA huvipanga vyuo vyake katika madaraja matatu. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi udhamini wa michezo hata senti moja, wala vile vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vya zamani kama Harvard na Yale. Hata Daraja la Kwanza, timu ya riadha ya wanaume kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo cha udhamini kamili 12.6 kwa timu nzima, kocha akiugawa vipande vipande kwa wakimbiaji, warukaji na warushaji. Kikomo hicho kimeondoka kwa vyuo vilivyoingia katika makubaliano ya kesi ya 2025 (yaelezwa katika swali linalofuata), lakini kipande bado hutegemea mfuko wa kocha.

Tuseme ada na vitabu ni dola 30,000 kwa mwaka, dakhalia na chakula 14,000. Jumla 44,000. Akipewa asilimia 60, yaani 26,400, mnabaki na 17,600 za kulipa wenyewe, kila mwaka. Na akipewa zote? Sehemu ya dakhalia na chakula hukatwa kodi, kwa kawaida asilimia 14 kwa mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo, F-1: hapo ni dola 1,960. Wengi huijua kodi hii wakiwa wameshafika, na baridi imeshaanza.

Mwambieni kijana ajisajili mwenyewe kwenye kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa. Daraja la Kwanza linataka masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4, kwa hiyo kusanyeni ripoti za skoli tangu kidato cha kwanza pamoja na vyeti vya NECTA. Kocha aandike kwa barua pepe ya chuo, na ataje mambo manne: asilimia ya gharama, miaka mingapi, nani analipa hospitali akiumia, na masomo yataendeleaje asipoweza kukimbia tena. Akikwepa hilo la mwisho, tafuteni chuo chengine.

Wakati mnasubiri, asijisajili chuo chochote hapa kwa masomo ya muda wote bila kupiga hesabu. Daraja la Kwanza humpa mchezaji miaka mitano ya kucheza misimu minne, na hesabu ya miaka hiyo huanza hata akisajiliwa Zanzibar.

Upande wa viza, chuo hutoa fomu ya I-20 inayoonyesha gharama na nani anazilipa. Pengo lolote mtalithibitisha kwa taarifa za benki. Kabla ya kutoa pesa yoyote, ulizeni ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kama viza za wanafunzi zinatolewa kwa Watanzania kwa wakati huo. Masharti hubadilika ghafla.

Vyuo vya Marekani vinavuna mabilioni ya televisheni kwa jasho la wanafunzi. Hii si dhulma? (Mwanafunzi, Tunguu)

Ilikuwa dhulma, na haijesha yote. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliamua, majaji 9 kwa 0, kwamba NCAA haiwezi kuwawekea wachezaji kikomo cha manufaa yanayohusu masomo. Mwezi Julai mwaka huo wakaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na picha zao. Juni 2025 yakaidhinishwa makubaliano ya fidia ya dola bilioni 2.8, na chuo kikaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025–26.

Sehemu kubwa inakwenda kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu cha wanaume, michezo inayoingiza fedha na ambayo pia hubeba gharama za kuogelea na riadha. Wakubwa wa vyuo walizoea kusema wachezaji wakilipwa, michezo midogo itakufa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama makocha wao wasingekuwa wanalipwa mamilioni.

Kijana wa Wete, akifika, asisaini tangazo lolote. F-1 hairuhusu kazi nje ya chuo bila kibali, na kupiga picha za biashara kunaweza kuhesabiwa kazi. Amuulize mwanasheria wa uhamiaji. Kocha si mwanasheria.

Kampuni ya vinywaji inataka picha za wachezaji wetu kwenye bango. Malipo ni jezi tu. (Katibu wa michezo wa chuo, Unguja)

Jezi zenye nembo yao ni tangazo jengine, msizihesabu kuwa malipo. Dai fedha zipitie akaunti ya chuo, na mzitenge kwa mpangilio huu: matibabu ya waliojeruhiwa, nauli ya boti ya kwenda Pemba, halafu posho. Kila mchezaji asaini mwenyewe ridhaa ya picha yake, na anayekataa asipoteze namba. Wekeni pia tarehe ya kushusha bango. Bila tarehe, sura ya mtu itabaki barabarani hata akishahitimu.