Mdogo wangu, mimi si wakili

Mdogo wangu, uliuliza kwenye grupu la familia: "Dada, kazi ya maktaba huko London inalipa? Nikimaliza chuo Bagamoyo nami nije?" Nikaweka emoji ya kucheka, nikapita. Leo nakujibu, na tafadhali mama naye umsomee, maana nasikia huko Tanga anawaambia watu mwanawe kawa wakili.

Mimi ni mkutubi mwanagenzi kwenye maktaba ya sheria. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Wanakuchukua na digrii yako, unaanzia chini, halafu wanatarajia ukasome uzamili wa ukutubi. Na chini ni chini kweli. Asubuhi nakusanya vitabu vilivyolala mezani, navirudisha rafuni, najaza karatasi kwenye fotokopi. Majuzuu ya kesi ni mazito. Wiki ya kwanza viganja viliniuma kama niliyetwanga kisamvu cha arusi.

Dewey yako, ule mpango wa namba wa kupanga vitabu rafuni, utaiweka kando. Kwa Dewey sheria ni 340, basi. Hapa jengo zima ni sheria, kwa hiyo tunatumia mpango wa Elizabeth Moys uliotoka 1968, wa sheria tupu. Huo niliuzoea. Kilichonitoa jasho ni mabano. Wakili anakuja mbio anataka kesi ya Donoghue na Stevenson, ile ya konokono ndani ya chupa ya soda ya tangawizi, ambayo hata watoto wanaosoma sheria Chuo cha Mlimani wanaijua. Karatasi yake imeandikwa [1932] AC 562; AC ni majuzuu ya kesi za rufaa. Mabano yakiwa ya mraba, mwaka ndio unaokufikisha: tafuta 1932, fungua ukurasa wa 562. Yakiwa ya mviringo, shika namba ya juzuu, mwaka usikupoteze. Mimi sikulijua hilo. Nilizunguka rafuni dakika ishirini, mwenye shida yake kasimama nyuma yangu anatazama saa.

Halafu kuna vitabu visivyoshonwa. Kurasa zimeshikwa na vyuma kama faili, kwa sababu sheria haikai mahali pamoja. Mchapishaji analeta kurasa mpya na maelekezo: toa 33 hadi 40, ingiza 33 hadi 40/6. Nikaona kazi ya mtoto hii. Siku moja nikachomoa za juzuu la pili nikidhani nimeshika la kwanza, nikazitupa. Msimamizi wangu, mama mpole asiyepandisha sauti, akanipeleka hadi kwenye pipa la karatasi, akaniacha hapo. Nilizipata zote, moja imelowa chai. Kitabu cha kawaida kikikosa ukurasa, msomaji anaona. Hiki ukikipachika vibaya, mtu anakwenda mahakamani na sheria iliyokwisha futwa, wala hana habari.

Pesa? Mshahara wa mwanagenzi ni mdogo. Kodi ya chumba inameza nusu yake, na jiko tunachangia na wapangaji wengine watatu. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, nami niko chumba cha chini ya ardhi. Kuna wiki jua nililiona Jumamosi tu.

Hukohuko chini ndiko nilikokuta ripoti za kesi za Afrika Mashariki, za kuanzia 1957. Dar, Nairobi, Kampala, na majina ya watu wa kwetu yamechapwa kwa herufi kubwa. Nilikaa sakafuni nikasoma mpaka vumbi likanipigisha chafya. Siku hiyo nilichelewa kupanda juu, na nilijua nachelewa.

Sasa hilo la kuja. Mimi nilikuja kwa viza ya shemeji yako, ruhusa ya kufanya kazi tayari ninayo. Tangazo la nafasi hii lilisema wazi kwamba hawamwombei mtu viza. Ada ya uzamili kwa mgeni usinifanye niitaje, utakosa usingizi. Kazi naipenda, sikufichi, lakini kuvuka bahari kwa ajili yake peke yake, nisingevuka. Maliza Bagamoyo, kisha omba mafunzo ya vitendo kwenye maktaba ya mahakama hapohapo nyumbani. Mabano nimekwisha kufundisha, utawatangulia wenzio.

Na yule mzee wa Muheza aliyemtumia mama picha za hati ya shamba ili "wakili wa London" azitazame, mwambieni zimefika na zinasomeka. Ila ukurasa wa tatu haupo.