Jibu: Je, Amir alilipa deni lake kwa Hassan?

Mkuu, umeuliza kwa nini Amir wa riwaya ya The Kite Runner (Khaled Hosseini, 2003) alificha saa na pesa chini ya godoro la Hassan, rafiki yake wa utotoni na mtumishi wa nyumbani kwao, badala ya kumwomba msamaha. Naona hakuweza tena kumtazama usoni. Alijibanza uchochoroni akishuhudia mwenzake anadhalilishwa, akanyamaza; tangu hapo kila wema wa Hassan ulimchoma. Akamsingizia wizi ili aondoke, na Hassan akakubali kosa lisilo lake. Hapo nililia, sifichi.

Kuhusu kujikomboa, wengi hutaja kipigo alichokipata Amir kwa Assef, yule aliyemdhalilisha Hassan uchochoroni. Mimi nashika tukio dogo kabla yake: Amir, sasa mtu mzima aliyerudi Afghanistan, amelala kwa familia maskini iliyompa chakula huku watoto wao wana njaa. Asubuhi anapenyeza noti zilizokunjamana chini ya godoro. Kitendo kilekile, miaka 26 baadaye.

Na usimsahau Baba, yaani baba yake Amir. Alimficha Hassan kwamba ni mwanawe wa damu, kwa hiyo Amir alibeba deni la watu wawili. Hassan alikuwa ameshauawa. Alibaki Sohrab, mtoto wa Hassan, aliyekaa kimya karibu mwaka mzima, hadi siku ya tiara, alipotabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.