Shemeji hataki niuze karavani ya marehemu

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mjane, niko Leicester. 2016 mimi na marehemu mume wangu tulinunua karavani mpya, zile kubwa zisizovutwa na gari, iko kwenye paki ya likizo karibu na Skegness, tulilipa pauni 32,000 na mkataba una majina yetu wote wawili. Sasa watoto wamekuwa wakubwa hawaendi, mimi siendeshi gari, na ada ya kiwanja kwa mwaka inakaribia pauni 5,000. Ofisi ya paki inasema itanipa 3,500 tu. Shemeji yangu aliyeko Mombasa amekuja juu, ati ile ni nyumba ya kaka yake, ningoje bei ipande. Usingizi sina.*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa. Kwa maoni yangu uza, na uuze kabla ada ya mwaka ujao haijaiva, ila hiyo 3,500 usiipokee kwanza.

Nianze na shemeji manake naona yeye ndo anakunyima usingizi kuliko hata hizo hela. Yeye ni mtu wa Mombasa, basi anazijua zile nyumba za bila ardhi, nyumba yako lakini kiwanja cha mwenyewe na kila mwezi unampelekea kodi. Mwambie karavani ndo hivyo hivyo, tena hii ina mwisho, mkataba huwa unasema itakaa pale miaka kadhaa halafu iondolewe, na kila mwaka ukipita mnunuzi anapata miaka michache zaidi kwa hiyo bei inashuka, haipandi kabisa. Akingoja miaka mitatu utakuwa umeshalipa karibu 15,000 za ada kwa kitu ambacho hakuna anayelala ndani. Muulize kwa adabu tu, shemeji, hiyo ada utanisaidia wewe? Na kama anazungumzia mirathi ya Kiislamu, marehemu akiwa ameacha mtoto wa kiume basi ndugu yake hana fungu hapo, na zile pesa ulizotoa wewe kwa jasho lako ni zako sio urithi. Upande wa sheria za Uingereza ofisi itataka cheti cha kifo na pengine karatasi za usimamizi wa mali, ziandae mapema.

Sasa huo mkataba utoe ulipo, usome kurasa zote, na kama Kiingereza cha wanasheria kinakuchosha mpe mwanao asome na wewe umekaa pembeni. Tafuta leseni, yaani ile ruhusa ya karavani kukaa pale, inaisha mwaka gani, paki inachukua komisheni kiasi gani ukimuuzia mtu wa nje, na kama ni lazima uwape wao nafasi ya kwanza kununua. Komisheni mara nyingi inafika 15%, yaani ukipata mtu wa 10,000 wao wanabeba 1,500 wewe unabaki na 8,500, na bado hiyo ni mbali sana na 3,500. Hapo ndo utajua kwa nini nakwambia usikimbilie. Wao wananunua kwa bei ya kwenda kuuza tena, sio kosa, ndo biashara yao, lakini wewe huna haja ya kuwa wa kwanza kukubali.

Kitu kingine watu hawakijui, zile paki ambazo watu wanaishi mwaka mzima zina sheria inayoweka kikomo cha komisheni, 10%, za likizo hazimo humo, kwa hiyo kinga yako kubwa ni hayo makaratasi uliyosaini pamoja na sheria ya haki za mteja ya 2015, ambayo inasema kipengele kinachomkandamiza mteja isivyo haki hakimfungi. Ukiona jambo limekaa vibaya piga Citizens Advice, lile shirika la kushauri wananchi huko Uingereza, ni bure.

Kuing'oa na kuipeleka kwingine usikubali haraka mtu akikushauri. Kukata gesi na umeme hela, lori hela, na karavani isiyo na kiwanja bei yake huwa ya chini mno. Kinacholipiwa pale ni ile nafasi karibu na bahari, sio mabati. Kwa hiyo waandikie ofisi kwa imeili, sio simu, uulize mnunuzi wako atapewa mkataba wa miaka mingapi palepale ilipo, manake hilo ndo swali la kwanza atakalokuuliza kila mtu.

Halafu nenda wikiendi moja na watoto, wote. Fungua kabati zilizo chini ya dirisha la chumbani, weka mkono kwenye kona, ukiona mbao laini au harufu ya uvundo basi maji yanaingia na mnunuzi ataona tu, bora umwambie wewe. Tafuta cheti cha usalama wa gesi. Na kama baridi imekaribia hakikisha maji yametolewa kwenye mabomba, yakiganda yanapasuka na hapo hata hiyo 3,500 utaitafuta. Picha za familia na vitu vya baba yao wagawane hukohuko, wenyewe, shemeji umpelekee kitu kimoja cha kaka yake akitunze.

Ofisi ikishakujibu niandikie tena, nitajie na mwaka leseni inapoisha, tupange bei ya kuanzia.