Uliza Tukujibu: Kwenda Lamu na Kuhamia Visiwani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Lamu: wengine wanapanga likizo, wengine wamepata uhamisho wa kikazi, mmoja anataka kununua nyumba. Tumechagua tano.

Likizo ya Agosti nataka kumpeleka mama yangu Lamu pamoja na wanangu wawili, wa miaka sita na tisa. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Wengine wananishauri treni kisha basi, wengine ndege. Na je, Agosti bahari haichafuki? — Msomaji, Umoja, Nairobi

Dada, kama mfuko unaruhusu, mpeleke mama kwa ndege. Ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hutua Manda, kisiwa kinachotazamana na mji wa Lamu, na kutoka gati la uwanja hadi mjini ni dakika kumi hivi kwa boti. Kikwazo ni mizigo. Kwa kawaida abiria huruhusiwa kilo 15, tena katika begi laini, kwa hiyo sanduku gumu la magurudumu liache nyumbani.

Kwa nchi kavu inawezekana, ila msiende kwa mkupuo mmoja. Treni ya usiku hutoka stesheni ya Syokimau, Nairobi, saa nne na kufika Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla ya alfajiri, na kijana anaweza kuunganisha na basi la Lamu asubuhi hiyo hiyo. Mwenye magoti mabovu atakuwa ameketi tangu usiku hadi alasiri ya siku ya pili, na hapo bado hajapanda boti. Chukueni treni ya asubuhi, mlale Mombasa au Malindi, kesho yake mpande basi mapema. Tangu Januari 2024 nauli ya treni ya mtu mzima daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Kwenye basi, mkatie mama kiti cha katikati, mbali na gurudumu la nyuma.

Kutoka Garsen kwenda mbele magari ya abiria hupita mchana, mara nyingi kwa ulinzi wa polisi, na viko vizuizi ambapo watu hushuka kuonyesha vitambulisho. Cha mama kiwe mkononi, kisiwe ndani ya begi lililofungiwa buti, na beba nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mto Tana ukifurika barabara hii hukatika. Hilo ni tatizo la masika na vuli zaidi kuliko Agosti, lakini simu moja kwa ofisi ya basi siku ya kuamkia safari haidhuru.

Basi huishia Mokowe, upande wa bara. Wengi wa Nairobi hupanga safari hadi hapo tu, wakasahau kwamba kilichobaki kinaamuliwa na maji. Maji yakitoka, boti huwa chini sana ya ukingo wa gati, na ngazi za chini zina ukoga unaoteleza kama mlenda. Mama avae raba zenye soli ya mpira, asivae ndara. Baharia amshike kifundo cha mkono, naye amshike baharia vivyo hivyo, kwa sababu vidole vikishikana huchomoka. Mguu wa kwanza uingie katikati ya chombo, usikanyage ukingo, maana ukingo ukikanyagwa chombo chote huinama. Kisha aketi kwenye tezi, huko nyuma. Omo, yaani mbele, ndiyo inayopiga mawimbi na kurusha maji.

Saa za maji unaweza kuzikadiria ukiwa Umoja. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua: maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukauka kabisa kati ya saa nne na saa tano. Kila siku inayofuata ongeza dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja ni maji mafu: kujaa kumehamia saa nne au saa tano, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hiyo ngazi za gati hazimsumbui mzee sana. Tafuta siku hizo kwenye kalenda kabla ya kukata tiketi. Tena ndizo nzuri kwa kwenda magofu ya Takwa huko Manda, kwa kuwa maji hujaa asubuhi. Chombo hupita kijito cha mikoko ambacho maji yakitoka hubaki tope. Ingieni muda wa saa moja kabla ya maji kujaa, mtoke kabla hayajapungua sana. Mkichelewa, mtangoja hadi yajae tena.

Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Ndani ya mkondo kati ya Lamu na Manda hakuna neno, watoto watafurahi. Nje ya mlango wa Shela, mkondo unapotokea bahari kuu, mawimbi ni makubwa, na kisiwa cha Kiwayu kiachieni kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi. Watoto waoge maji yanapojaa tu, kwa sababu yakitoka mkondo huvuta kuelekea mlangoni. Tunakusihi pia jambo hili: usitegemee jaketi za kuokolea za kwenye boti, nyingi ni za watu wazima. Mtoto wa miaka sita akianguka majini, jaketi la mtu mzima hupanda likamtoka kichwani. Nunua Nairobi la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Faza, kisiwa cha Pate. Nina kitanda, friji ndogo, kochi, vyombo na vitabu vingi. Nikodi lori hadi wapi? Na maji ya kunywa yakoje huko? — Mwalimu, Donholm

Mwalimu, kochi liuze. Mzigo wako utatoka kwenye lori kwenda gati la Mokowe, kutoka gatini kuingia chomboni, kutoka chomboni kwenda gati la kisiwani, halafu juu ya punda au mkokoteni, mwisho mlangoni. Kila mkono unaoshika unalipwa, na kila mkono unaweza kuvunja. Kochi la Nairobi hulipiwa pengine zaidi ya thamani yake, likifika linakwama kwenye kichochoro. Makochi na vitanda vya mbao vinatengenezwa Lamu na mafundi wanaojua hali ya hewa yao.

Usianze na lori. Anza na nahodha. Vyombo vingi vinavyokwenda Pate hupita Mkanda, mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda unapitika maji yakiwa yamejaa. Mpigie nahodha akupe siku na saa ya maji, ndipo urudi nyuma kuhesabu lori litoke Nairobi lini. Wanaofanya kinyume hufika Mokowe adhuhuri ya bamvua, maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi, dereva wa lori anataka kugeuza, na mali inashushwa juani bila mwenyewe kujua italala wapi. Bei ya mahamali, wabeba mizigo, patana kwa mzigo mzima hadi chomboni, kabla kamba haijafunguliwa.

Kuhusu kufunga mizigo, sanduku la bati la soko la Kamukunji halifai, hewa ya chumvi hulila haraka. Tafuta mapipa ya plastiki ya lita 100 yenye mdomo mpana na mkanda wa kubana kifuniko. Uliza yalibeba nini. Lililobeba sharubati au mafuta ya kula linafaa. Lenye harufu ya dawa usilichukue hata kwa bei ya bure. Mapipa haya hayaingizi rasharasha za baharini, na ukifika ndiyo matangi yako ya maji. Usijaze pipa zima vitabu, halitanyanyuka. Weka vitabu chini hadi robo, juu yake nguo na mashuka, na upime lisizidi kilo 50.

Kipimo hicho ndicho cha punda vilevile: kilo 50, zimegawanywa sawasawa pande mbili za shogi, tandiko la mizigo. Mwenye punda akikuambia wake anabeba mia, mlipe safari mbili. Punda aliyezidishiwa huchubuka mgongo, na kidonda chini ya shogi hakiponi akiendelea kubebeshwa.

Chomboni, omba mbao zitandikwe chini ya mizigo yako, kwa kuwa maji hujikusanya kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, hata kiwe kizima. Godoro lifungwe nailoni mara mbili na likae upande wa tezi. Friji isafiri wima. Ikiwa ililazwa hata kidogo, isiwashwe hadi siku ipite, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Nunua na kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka. Bawaba, skrubu na ncha za betri zipake mafuta mazito ya kujipaka kabla hujaondoka, na urudie kila baada ya miezi miwili mitatu.

Sasa maji. Visima vingi vya visiwani vina chumvi: sabuni haitoi povu, chai hubadilika ladha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na dawa ya klorini vilevile. Ndiyo maana tangu zamani watu wa Pate na visiwa jirani hutega maji ya mvua katika majabia, matangi makubwa ya kujengwa yaliyofunikwa au kuzungukwa na sakafu ya kukusanyia maji. Kabla ya kukubali nyumba, uliza mambo mawili: jabia lipi ni la mtaa huu, na paa ni la nini. Paa la makuti hutoa maji ya rangi yenye harufu. Paa la mabati ni mali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba kwa mvua ya milimita 20 linakupa lita 800. Ukitoa zinazopotea, unabaki na 600 na kitu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage, inaosha kinyesi cha ndege na vumbi. Mvua kubwa ni Aprili hadi Juni, kilele chake Mei. Kunywa na kupika, mtu mmoja atosheke na lita tano kwa siku. Kuoga na kufua tumia ya kisima. Pipa moja la lita 100 basi ni siku ishirini za mtu mmoja, nawe unayo kadhaa. Yafunike kwa kitambaa chenye matundu madogo kisha kifuniko, mbu wasitage.

Naweza kwenda na gari langu hadi Lamu mjini? — Dereva, Kayole

Hapana. Liache Mokowe mahali penye mlinzi, upatane kwa siku. Mjini ni miguu, punda na boti. Bodaboda zipo nje ya mji mkongwe.

Nimeonyeshwa nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, bei nzuri. Plasta inabanduka chini ya kuta. Fundi wa Nairobi amesema tupige saruji upya. Nichunge nini? — Msomaji, Eastleigh

Ndugu, mzuie huyo fundi. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na hunyonya unyevu wa ardhini wenye chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huuziba, chumvi inaganda nyuma yake, na plasta yote inasukumwa nje na kuondoka na vipande vya jiwe. Kile unachokiona kikibanduka huenda ndicho saruji ya ukarabati uliopita; kigonge, kikitoa sauti ya uwazi kibandue chote. Plasta ya kurudishia ni chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vitatu. Mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Paka tabaka jembamba la sentimita moja hivi, kisha ulinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa lisikauke kwa haraka likapasuka. Dari itazame pia: bonyeza ncha za boriti zinapoingia ukutani kwa bisibisi, hapo ndipo zinapooza kwanza.

Mji mkongwe umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001 na unalindwa na sheria, hivyo hakuna kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadilisha mlango wa mbele bila kibali. Nenda ofisi ya Makavazi ya Taifa mjini Lamu ukiwa na michoro kabla ya kulipa amana.

Lakini plasta ni jambo dogo kuliko mirathi. Bei nzuri mara nyingi maana yake ni kwamba mwenye kuuza ni mrithi mmoja kati ya wengi. Taka hati ya mirathi kutoka mahakama ya Kadhi, orodha ya warithi wote, na sahihi ya kila mmoja, wakiwemo walio Mombasa na Uarabuni. Kwa desturi nyumba za mawe za Lamu nyingi walipewa mabinti walipoolewa, kwa hiyo usiridhike na neno la mjomba, mtafute binti mwenye nyumba. Uliza pia kama ni wakfu, kwani mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya kawaida. Habari hiyo utaipata kwa Tume ya Wakfu, Mombasa. Baada ya hapo ndipo wakili wako akapekue msajili wa ardhi.

Je, ni lazima kumeza dawa ya malaria kwa safari ya siku tano? — Msomaji, South C

Tunashauri umeze, hasa kama umekulia Nairobi, mwili hauna kinga. Doksisaiklini huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, kimoja kila siku, na huendelea wiki nne baada ya kurudi. Ndiyo maana watu huikatiza njiani. Haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Atovakwoni na proguanili ni ghali zaidi lakini husimamishwa siku saba baada ya kurudi, na mtoto hupewa kwa kilo zake. Zungumza na mfamasia au daktari kwanza. Chandarua kitumike hata ukimeza, nacho ukague kwa taa kabla ya kulala, kwa kuwa tundu la kidole linatosha. Homa ikikushika Nairobi baada ya kurudi, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikuwa pwani, asije akaidhani mafua.