Kuyachekea Matangazo ya Bia Wakati wa Super Bowl: Jibu kwa Ndugu Aliyetubu

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni Muislamu ninayeishi Marekani na familia yangu. Nilikunywa bia kwa miaka mingi, kisha Mwenyezi Mungu akaniongoza nikatubu, na mpaka leo sijarudi. Kila mwaka mimi na wanangu wawili wa kiume hutazama Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, na kinachonitatiza si mchezo bali ni matangazo ya bia ya kuchekesha yanayorushwa katikati yake. Wanangu huyangojea kuliko mchezo wenyewe, huyakariri, na huyatuma kwa wenzao kwenye simu. Mimi nami hucheka, kisha usiku ile hamu ya zamani hunirudia nikakosa usingizi. Rafiki yangu wa msikitini, mtu aliyesoma, ameniambia kwamba huo ni wasiwasi tu: tangazo si pombe, kicheko si kinywaji, hata mtu akimeza haonyeshwi, na Mtume mwenyewe alichekeshwa na mtu aliyekuwa akinywa. Je, nina dhambi? Je, toba yangu imeharibika na swala zangu hazikubaliwi siku arobaini? Na je, niwakataze wanangu mchezo huo?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, nitaanza na toba yako, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Toba yako ipo pale pale. Haikuvunjwa na kicheko wala na hamu. Hadithi ya siku arobaini uliyoitaja, waliyoipokea Tirmidhi na Nasai, inamhusu aliyekunywa, na humo humo imeelezwa kwamba akitubu Mwenyezi Mungu humpokelea toba yake. Kumtwika hukumu hiyo mtu aliyecheka mbele ya televisheni ni kumbebesha mja mzigo ambao Mola wake hakumbebesha. Imethibiti kwa Bukhari na Muslim kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale yanayopita nafsini maadamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. Na katika hadithi ya Ibn Abbas, waliyoipokea wote wawili, aliyekusudia ovu kisha akaliacha huandikiwa jema kamili. Basi usiku ule ulipolala na kiu yako hukuinuka kwenda kuitafuta chupa, usidhani umeandikiwa dhambi. Matumaini yetu ni kwamba umeandikiwa jema, na huenda ni zito kuliko la mtu ambaye hajawahi kuijua kiu hiyo.

Ama kicheko chenyewe, kile kinachomtoka mtu kabla hajatia nia, hakina dhambi. Mtume (Rehema na Amani zimshukie) alimwambia Ali asiufuatishe mtazamo wa kwanza kwa wa pili, kwani wa kwanza ni wake na wa pili si wake. Maneno hayo yalisemwa kuhusu jambo jingine, lakini yanafaa kupimia hili. Kicheko kilichokushtukiza ni chako. Ama kulingojea tangazo, kulirudia, kulikariri na kumtumia mwenzako, hayo ni ya pili, na hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na rafiki yako.

Amesema tangazo si pombe. Ni kweli, lakini tangazo la pombe lina mahali pake katika safari ya pombe. Katika hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi, Mtume aliwalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi, wakiwemo anayekamua, anayekamuliwa, anayebeba, anayebebewa, anayemimina, anayeuza na anayekula thamani yake; na katika kumi hao, anywaye ni mmoja tu. Sheria haikungoja mpaka kinywaji kifike kinywani. Imeifuata njia yote tangu kwenye zabibu, na katika zama zetu sehemu kubwa ya njia hiyo inapita kwenye kioo cha televisheni. Sekunde 30 za tangazo katika Super Bowl zilifikia takriban dola milioni 7 mwaka 2023. Tangu mwaka 1989 mpaka 2022 kampuni ya Anheuser-Busch, inayotengeneza bia ya Budweiser, ililipia haki ya kuwa mtengenezaji pekee wa bia anayetangaza nchi nzima wakati wa mchezo huo. Je, mfanyabiashara anaweza kutoa mali kiasi hicho, mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miongo mitatu, ili watu wacheke tu kisha waende zao? Yeye anajua anachonunua. Mtoto anayelituma tangazo hilo kwa wenzake analibeba bila ujira, na sisi tumeamrishwa katika Suratul Maida tusisaidiane katika dhambi. Simhesabu mtoto wako kuwa miongoni mwa waliolaaniwa, Mwenyezi Mungu apishe mbali. Nasema kazi anayoifanya ni kazi yao, hata kama haijui.

Amesema pia kwamba mtu akimeza haonyeshwi. Hili limenishangaza, kwa kuwa amelileta kama utetezi nami naliona ni shitaka. Ni desturi ya muda mrefu ya televisheni za Marekani kutoonyesha mtu akiimeza bia kwenye tangazo. Lakini tazama kilichobaki: marafiki wamekusanyika, mchezo unaendelea, kila mtu ni mcheshi na hakuna aliye mpweke. Kumeza kumeondolewa, na pamoja nako yameondolewa mengine yote: kutapika, gari lililopinda, mke anayesubiri mlangoni, mshahara uliokwisha kabla ya mwezi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 katika mwaka 2019, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ofisi yake ya Ulaya ilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoingia ndani ya sekunde 30. Mtume alikuwa akifanya mzaha na hakusema ila kweli, na alimwonya mara tatu mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Uongo wa matangazo haya haumo katika neno lililotamkwa, umo katika yale yaliyofichwa nyuma ya kicheko.

Kicheko ndicho chombo chenyewe. Mtu anayehubiriwa hujiandaa kupinga, na mtu anayebembelezwa anunue hushika mfuko wake, lakini mtu anayecheka amekwisha kufungua mlango. Mwaka 1995 Budweiser ilirusha katika Super Bowl tangazo la vyura watatu waliokaa usiku kwenye kinamasi, kila mmoja akilia silabi moja ya jina la bia hiyo mpaka jina likatimia. Halikusifu ladha wala halikutaja bei. Mwaka uliofuata watafiti wa California waliwauliza watoto wa miaka 9 hadi 11 kuhusu misemo ya wahusika wa televisheni, wakakuta kwamba waliokumbuka walichosema vyura wale walikaribia idadi ya waliokumbuka msemo wa sungura wa katuni, Bugs Bunny. Baadaye, mwishoni mwa mwaka 1999, likaja tangazo la marafiki wanaopigiana simu na kusalimiana kwa ukelele mrefu wa Whassup, likarushwa katika Super Bowl ya Januari 2000, na ukelele huo ukazunguka duniani kwa watu wasiojua hata chanzo chake. Ndani yake bia imetajwa kama jambo la kupita tu: mtu anaulizwa anafanya nini, anajibu kuwa anatazama mchezo na anakunywa bia yake. Huo ndio ustadi wenyewe, kwani hakuna aliyeambiwa anywe, lakini kutazama mchezo na kunywa vimefungwa katika sentensi moja. Nawe, ndugu yangu, ni miongoni mwa watu ambao sentensi hiyo iliandikwa kwa ajili yao.

Rafiki yako asidhani kwamba hili ni geni la Waislamu wenye kukaza mambo. Sheria ya Marekani yenyewe hairuhusu kijana wa chini ya miaka 21 kununua bia, na wazazi na madaktari wasio Waislamu waliwalalamikia vyura wale kabla yetu. Ufaransa, nchi maarufu kwa mvinyo wake, ilipiga marufuku matangazo ya pombe kwenye televisheni kwa sheria ya mwaka 1991. Kinachotosha ni kile wanachokubali watengenezaji wenyewe: kanuni waliyojiwekea wao inataka zaidi ya asilimia 70 ya watazamaji wa tangazo wawe wametimiza umri wa kunywa. Maana yake ni kwamba hata kanuni yao ikifuatwa barabara, katika mchezo unaotazamwa na watu zaidi ya milioni 100, watoto na vijana kwa mamilioni wanaweza kuwa wamekaa pale.

Imebaki hoja yake ya mwisho, nayo imeniuma kwa sababu ameishika hadithi nzuri akaigeuza. Anayokusudia ni ile aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Umar bin Khattab, ya mtu aliyeitwa Abdullah na kupewa lakabu ya Himar, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume, na ambaye aliadhibiwa kwa sababu ya ulevi. Siku moja akaletwa tena, akapigwa, na mmoja wa waliokuwapo akasema: Ewe Mola mlaani, ni mara ngapi huyu huletwa! Mtume akamkataza asimlaani, akaapa kwamba anamjua mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Basi kicheko cha Mtume kilikuwa kwa mzaha wa mtu huyo, na katika hadithi hiyo hakuna hata herufi moja inayosema kwamba ulevi wake ulifanywa kuwa mzaha. Ulevi wake ulipofika mbele ya Mtume, uliletwa kama dhambi, ukaadhibiwa kama dhambi, na mwenyewe akahifadhiwa heshima yake. Tangazo la bia hufanya kinyume chake kabisa: huufanya ulevi kuwa mchezo, na likamaliza, mlevi huachwa peke yake na maradhi yake. Hadithi hii haikuletwa kukupa ruhusa ya kulichekea tangazo. Lakini ichukue, ni yako: mtu aliyerudia kosa lile mara nyingi alishuhudiwa kuwa anampenda Mwenyezi Mungu, sembuse wewe uliyetubu na hukurudi.

Na neno wasiwasi lisitumike hapa. Wasiwasi ni shaka isiyo na msingi. Wewe unaona, unasikia, kisha usiku unapatwa na hamu, na madaktari wanaotibu walevi wanajua vyema kwamba picha na sauti zinazohusiana na unywaji huiamsha kiu kwa mtu aliyeacha. Kwa hiyo hukumu yako haiwi sawa na ya mwingine. Jirani yako asiyewahi kunywa, akibaki kitini wakati tangazo linapita, hatumwambii zaidi ya kwamba aache lililo bora kuachwa. Wewe unayejua kwamba linakusukuma kuelekea kwenye haramu, ni wajibu wako kuliepuka, kwa kuwa kinachopeleka kwenye haramu huzibwa kwa yule kinayempeleka.

Kuhusu mchezo, siwezi kukuharamishia. Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) aliwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, Mtume akimsitiri, na asili ya kutazama mchezo ni ruhusa maadamu haupotezi faradhi. Kwa walio pwani ya mashariki ya Marekani mchezo huo huanza yapata saa kumi na mbili unusu jioni, na Isha huingia mchezo ukiendelea. Walio pwani ya magharibi huanza saa tisa unusu alasiri, na Magharibi huwakuta humo humo. Ifanye swala ndiyo mapumziko yenu. Au rekodini mchezo muutazame baadaye mkiyaruka matangazo, na hilo kwako ndilo ninalolipendelea. Ukiona hata hivyo kiu inaamka, basi uache mchezo mwaka huu na ijayo, wala usione haya mbele ya mtu yeyote.

Wanao usiwazimie televisheni kwa hasira, maana watalitafuta tangazo kwenye simu zao dakika ile ile. Kaa nao siku nyingine, uwaonyeshe moja walilolipenda, na uwaulize ni nini hakikuonyeshwa. Waache wajibu wenyewe. Mambo yako ya zamani ambayo Mwenyezi Mungu ameyasitiri usiwafunulie, kwani sitara ni neema. Lakini ikiwa mkubwa anakumbuka aliyoyaona, usijifanye hayakuwapo. Mwambie kwamba unapoondoka sebuleni unailinda nafsi yako, na umwombe akusaidie. Kijana akiombwa msaada na babaye hubadilika kwa namna ambayo makatazo hayaifikii.

Na hamu ya usiku usiifiche. Mwone daktari, kwani kuna tiba na kuna dawa za kupunguza kiu hiyo, na Mtume ametuamrisha tujitibu. Mtafute ndugu mmoja mwaminifu utakayempigia simu saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, na akubali kabla hujamhitaji. Anaweza kuwa rafiki yako huyo huyo, ukimsomea jibu hili mkiwa wawili tu.

Wallahu a'lam.